Kevina Atembee Mwenyewe

Buluk, Juba
14 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Josline,

Pokea salamu zangu za upendo. Kifua cha mumeo Robinson kimetulia? Na dada yangu Natalina, mama yako, bado analalamikia baridi ya Nairobi? Mimi ni mzima, ila katika rika langu hapa mtaani amebaki Tombe peke yake, naye hasikii. Tunakaa tukitazamana kama picha mbili ukutani.

Sasa nikueleze vizuri habari za mjukuu wangu Kevina. Unajua mama yake alifariki akimzaa, na uzazi ule mgumu ukamwachia mtoto mtindio wa ubongo. Ana miaka sita. Akili ni kali, ulimi mkali zaidi, lakini mashavu ya miguu yamekaza na anasimama kwa ncha za vidole.

Ugonjwa sikuuleta mimi, lakini huko kukaza kwa miguu nimekuzidisha mimi. Tulipokimbia vita kwenda Uganda kupitia Nesitu, mtoto aliyetembea mwenyewe ndiye aliyepotea, aliyebebwa alifika. Nilirudi Juba na imani hiyo, nikambeba Kevina kanisani, sokoni, hata chooni. Emma, kijana anayewafanyisha watoto mazoezi kliniki, alicheka: "Mzee, miguu ya mtoto umeipa likizo ya miaka sita!"

Kevina akadakia, "Jidu ni punda wangu." Jidu ni babu, kwa Kiarabu cha hapa.

Emma alimfunga miguu kwa plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, mara tatu, akiibadilisha kila wiki ili visigino vishuke. Vimeshuka kidogo tu. Ndiyo maana daktari anataka apasuliwe huko Nairobi arefushwe kano za visigino, kisha miezi ya mazoezi na viatu vya plastiki vya kushika vifundo. Usimvulie, hata akikubembeleza.

Mtawa wa parokia atapanda naye ndege Jumanne. Asante kwa kukubali kumpokea.

Uliponiuliza kwa simu kwa nini nisije naye, nilisingizia magoti. Ukweli ni kwamba akilia nitambeba, na kazi yote itaharibika. Wewe huna ugonjwa huo. Akianguka, mwache kwanza ajaribu kuinuka. Akiniita usiku, usinipigie simu mpaka atakaponyamaza.

Nisalimie Robinson na mama yako. Mungu aliyetuvusha mito akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuwaza,
Cirillo