Talbina Isiyokuwa na Shayiri

Yoba, Gitega

Mjukuu wangu Rukiya,

Asalaam aleikum. Sisi tuko salama, alhamdulillahi. Mguu wa mama yako umepona, amerudi kwenye cherehani.

Umeniuliza kama talbina inatibu kweli, maana wagonjwa wako huko Muyinga wanakuuliza. Ngoja nikusimulie yaliyomkuta baba yangu.

Kaka yangu alipofariki, tulikuwa tunakaa Buhinyuza. Baba aliacha kula. Shangazi akasema nimpikie talbina, ule uji wa shayiri, maziwa na asali ambao Mtume aliusifia kwa wenye huzuni. Sokoni nikakosa shayiri. Jirani yetu Mkristo, Mama Dafroza, akaniambia, "Shayiri haiko, lakini ulezi iko. Chukua." Nikapika hivyo hivyo, nikiogopa kwamba namdanganya baba.

Nilikaa mbele yake nikimwomba ale. Akaonja, akamaliza bakuli lote.

"Hii ni talbina?"

Nikakiri kwamba ni ulezi. Akaninyooshea bakuli nimwongeze.

Baadaye nilimuuliza kilichomsaidia: asali, dua, au njaa tu?

"Mi sijui, binti yangu," akasema. "Niliona umekaa mbele yangu na kijiko, huondoki, nikashindwa kukukatalia."

Uji unatia nguvu mwilini, hilo unalijua kuliko mimi. Hayo mengine bado yananichanganya. Wagonjwa wasiache dawa zao. Lakini anayekataa kula, mpikie, halafu usiondoke upesi.

Mungu akutunze na kazi yako.

Bibi yako, Zuhura