Mke Wako, Bega Letu

Mjukuu wangu Asimwe,

Marahaba. Huku Bweranyange ndizi zipo, ila bibi yako anaumwa, hatulali. Unauliza “take turns” inatumikaje. Umempata mwenyewe! Mimi wa darasa la nne, Kiingereza nilikinywa Kampala pamoja na chai.

Bibi yako aliposhikwa na uchungu wa kumzaa baba yako, tulimbeba kwa machela kwenda zahanati. Majirani walitaka kunipokea, nikakataa kwa hofu wasije wakamwangusha, nikaing'ang'ania machela. Mmoja wao, Mzee Rwegasira, akanifokea, “Wewe, mke ni wako, bega ni letu!” Nikaachia. Tukapokezana hadi mlangoni.

Basi andika: We take turns. Sasa mimi na baba yako tunapokezana kumuuguza bibi, na tumechoka. Shule ikifungwa, usipitie kwa shangazi. Njoo utupokee.

Babu yako