Jina Kwenye Jalada

Keshero, Goma
Jumatano

Yaya Adalbert, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia wewe, mama wa watoto na watoto wenyewe. Nasikia Butembo kuna baridi, jifunikeni vizuri. Sisi huku tuko salama, isipokuwa papa yetu, muzee Zihindula. Mutoto wa jicho ameyafunika macho yake yote mawili, sasa anatujua kwa sauti tu.

Salamu zimetosha. Nimekukasirikia, na sitaipunguza hasira ili barua ipendeze.

Maboksi ya vitabu yalifika Jumamosi na mama Bénédicte, yule muuza haragwe. Muzee alivaa koti lake la misa kuyapokea. Miaka kumi na moja ameandika maisha ya Gutenberg, yule Mjerumani wa zamani aliyemimina madini ya risasi yakawa herufi moja moja za kuchapia, na wewe ulimwona akiandika kwenye meza yetu. Kazi yako ilikuwa kupeleka daftari likachapishwe, basi. Nafungua boksi, naona juu ya jalada: Maisha ya Gutenberg, na Mwalimu Adalbert. Jina la papa halimo hata ndani.

Wewe ndiye uliyekuwa unalia utotoni papa akitusimulia na kufika pale ambapo Gutenberg anashitakiwa na mwenzake, karakana inachukuliwa, na Biblia inatoka bila jina la aliyeihangaikia. Ulisema yule mwenzake alaaniwe. Leo umekalia kiti chake.

Mama Bénédicte anasema ulimwambia kwamba shule zitapokea jina la mwalimu, muzee hajulikani. Mutu aliyechapa vitabu vya nyimbo vya parokia miaka arobaini hajulikani? Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakusoma.

Sasa nikuambie nililolifanya. Muzee alipapasa jalada, likateleza, kidole hakikukuta alama ya herufi. Akaniuliza limeandikwa jina gani. Nikamsomea: Zihindula Bagalwa. Nilimdanganya baba yangu, yaya, kwa ajili yako. Akaniomba nirudie, nikarudia. Tangu hapo ameshaalika nusu ya Keshero kwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, na amechagua mwanafunzi wa kusoma jalada kwa sauti. Mutoto wa watu siwezi kumwambia adanganye na yeye.

Hapa Goma mutu akisikia risasi analala chini. Mimi nilikwenda kuitafuta kwenye makasha ya herufi ya papa. Nikapanga jina lake kinyume, kutoka kulia, kama alivyonifundisha, nikang'oa majalada yako na kuchapa mapya. Muzee alisikia mashine akauliza. Nikasema ni kadi za ubatizo. Huo ni uongo wa pili, uandike kwenye deni lako.

Vitabu vilikuwa mia mbili. Kimoja tu nimekiacha na jina lako, na ndicho unacholetewa pamoja na barua hii. Kitunze, hakuna kingine.

Jumapili hiyo uje. Muzee hajui lolote. Ametenga kiti chako karibu na chake, na kila asubuhi anajifunza kwa kichwa maneno ya kukushukuru mbele ya watu. Mimi sina adhabu ya kukupa kubwa kuliko hiyo. Njoo ukae, uyasikie mpaka mwisho.

Watoto uwabusu. Mungu awalinde na baridi.

Ni mimi mudogo wako,
Charline