Ishirini Maana Yake Bado Tunamtafuta

Butembo, 4 Februari 2025

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha Januari kimekuacha. Na Vagheni je, bado anamaliza sukari yote ya nyumba? Mwambie dada yake anamwona hata akiwa Butembo. Mimi ni mzima hapa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, ila ndege zikiruka vikombe vyangu vinacheza mezani.

Naandika kwa karatasi kama ulivyoamuru, maana kwako simu ni ya kazi na mambo ya nyumbani ni ya kalamu. Leo lakini nakuletea kazi ndani ya mambo ya nyumbani, unisamehe. Huduma yetu ya Niko Hapa imeniletea taabu. Wewe ndiye unayeketi kituoni hapo kanisani, unaandika majina ya waliokimbia vijiji, na ndugu zao wanauliza kwa ujumbe wa simu. Sasa mashini ikishindwa kwa sababu yoyote, inajibu neno moja tu: HAKUNA. Mama Agar wa Kalunguta alimuuliza mumewe siku ambayo antene ilikuwa imelala. Mashini haikutafuta hata kidogo, ikamjibu HAKUNA. Mama wa watu akaketi chini, akaanza matanga. Mume alikuwa Vuhovi kwa dada yake, akarudi akakuta nyumba imejaa watu, akauliza: «Munamulilia nani?»

Mkubwa wangu wa kazi, Élysée, amenipa kazi ya kupanga namba za majibu, ziwe zilezile kwenye vituo vyote. Nimeanza hivi: 10, amepatikana. 20, bado tunamtafuta. 30, amefariki. 40, majina yanafanana. 50, mashini imekwama, uliza tena. Soma kwa jicho la mwalimu, usinihurumie.

Binti yako,
Keren

Beni, 9 Februari 2025

Mwanangu Keren,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kifua kimetulia, nashukuru. Sukari hakuna, na mdogo wako anasema ni panya. Panya huyo ana miaka ishirini na mbili na anavaa viatu vyangu.

Namba zako nimezisoma. Hiyo 50 ingekuja mapema, mama Agar asingelia bure. Na 40 ni ya lazima kabisa. Kwetu kila mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, na anayekuja kituoni anasema tu, «Natafuta Kambale», kisha ananitazama kana kwamba Kambale ni mmoja duniani. Waombe wataje na jina la mama, na kilima walikotoka.

Lakini 30 siikubali. Msiba kwetu hauletwi na simu, unalijua hilo tangu utoto. Wanatumwa watu wawili. Wanaingia, wanaketi, wanauliza habari za nyumba, na mwenye nyumba anapata muda wa kuketi naye kabla hawajasema. Wewe unataka mtu asome kifo cha mtoto wake akiwa juu ya pikipiki, au anauza mboga ya sombe sokoni? Tafuta njia nyingine.

Baba yako,
Abdias

Butembo, 15 Februari 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa panya wako. Hapa mvua haikatiki, nguo zangu zinanuka moshi kwa kukaushwa jikoni, lakini afya ipo.

Umeshinda. Élysée alibisha sana. Namba zetu anaziita kode, akasema, «Kode inayoficha haiko kode. Mutu aulize, ajibiwe, ni hivyo tu.» Nikamuuliza kama baba yake alipofariki aliambiwa kwa ujumbe wa simu. Akaenda kutafuta chai. Basi 30 sasa inasema: «Kuna habari. Tafadhali fika kituoni.» Mtu atafika kwako, ataketi, utamwambia kwa mdomo kama inavyotakiwa. Kazi hiyo nimekuwekea mabegani, Baba, na najua si nyepesi.

Binti yako,
Keren

Beni, 14 Machi 2025

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Mimi naendelea, ila usingizi umepungua kidogo. Nimewaambia watu wengi mambo mazito mwezi huu, na nyuso zao zinarudi nami nyumbani.

Kosa ni langu, kwa hiyo usimpe Élysée nafasi ya kucheka. Watu wameijua 30. Aliyepatikana mzima anapata 10, na anayepata 30 anaambiwa afike kituoni. Basi nani hajaelewa? Jumanne mama Kavugho alikuwa sokoni, simu ikalia, akatazama, akaitaja thelathini kwa kelele, kwa Kifaransa: «Trente! Banitumia trente!» Wanawake wote wa ule mstari wakaanza kulia naye. Alikimbia kuja kwangu, akaanguka barabarani, akavunjika mkono. Nilimpa habari ya kaka yake wakati daktari anamfunga plasta. Tulificha kifo nyuma ya mlango, na mji mzima unajua kilichomo chumbani.

Nimefikiri hivi. Aliyepatikana mzima naye apewe 30. Habari ikija, iwe njema au mbaya, ujumbe uwe huohuo, na watu wote wafike kituoni. Hapo hakuna atakayeanguka njiani.

Vagheni anakusalimu. Kesho anakwenda shambani kuvuna kakao pamoja na vijana wa jirani. Nilimwambia asubiri kidogo, akasema kakao haijui kusubiri.

Baba yako,
Abdias

Butembo, 20 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo. Pole kwa mama Kavugho, na pole kwako pia. Jaribu kulala, hata kama ni mchana kidogo.

Tumefuta 10. Nilisikitika, maana ndiyo namba niliyoipenda. Mke mwenye mume mzima atatembea mpaka kituoni akidhani ni mjane kwa sababu yetu. Lakini nimemfikiria mama yule na mkono wake, nikaifuta.

Élysée ameweka sharti moja, na safari hii nakubaliana naye. Namba haitatoka 20 kwenda 30 mpaka mtu hapa Butembo athibitishe ushahidi wa watu wawili. Mtu huyo ni mimi. Nasoma, nahakikisha, nabonyeza. Na 20 tumeandika maana yake kwa herufi nzito, kwa vituo vyote: hatujui, bado tunamtafuta. Isitumike kwa jambo lingine lolote. Waambie watu wako kwamba wakipata 20, hakuna tunachowaficha.

Vagheni akirudi mpige picha na hayo makakao yake, nimcheke.

Binti yako,
Keren

Beni, 2 Aprili 2025

Mwanangu Keren,

Salamu. Sijui niandike nini kuhusu afya.

Umesikia yaliyotokea huko mashambani Jumamosi. Watu wa silaha walikuja wakati vijana wanapasua kakao. Wawili wa jirani wamerudi. Wanasema walikimbia kila mtu njia yake, na Vagheni alielekea upande wa mto. Hawakumwona tena.

Nimemwandikisha kama mtu yeyote. Vagheni, mama yake Anne-Marie, miaka 22, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Nilipofika kwenye kovu, kalamu ilikataa. Nimepata 20. Basi bado tunamtafuta. Niandikie upesi, nataka kusoma mwandiko wako.

Baba yako

Beni, 13 Aprili 2025

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Barua yako sijaipata. Dereva anayetubebea barua anasema hukumpa kitu. Nikipiga simu unasema uko kwenye mkutano, na sauti yako ni ya mtu mwenye mafua.

Naendelea na kazi. Kila asubuhi nauliza habari za Vagheni kabla sijafungua mlango, na kila asubuhi ni 20. Nimezoea kuipenda namba hiyo. Benchi limejaa, na wengi wao wana 20 kama mimi. Papa Lusenge, yule fundi wa viti, anamtafuta mkewe tangu Februari. Jana alikuwa amekata tamaa, nikamwambia: tazama, nami nina 20, na aliyeipanga ni binti yangu, haisemi uongo. Akapata nguvu ya kwenda kula.

Naacha taa ya nje inawaka. Akirudi usiku asijikwae.

Baba yako,
Abdias

Butembo, 17 Aprili 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Hapa mvua bado inaendelea, na barabara ya kwenda kazini biro imeharibika. Kazi ni nyingi. Tumeongeza maelezo kwenye 40, watu wataje na kilima kama ulivyoshauri. Kula vizuri, Baba. Usizidishe kazi.

Keren

Beni, 28 Aprili 2025

Mwanangu Keren,

Nakusalimu.

Jana baada ya ibada Gérard, mwenye kituo cha parokia, alikuja nyumbani pamoja na shemasi wetu Ézéchias. Mkatoliki na Mprotestanti, wakiwa wamevaa vizuri. Waliingia, wakaketi, wakaniuliza habari za nyumba. Nilijua kabla hawajafungua mdomo. Vagheni alionekana karibu na mto. Watu wa kule walimzika kwa heshima, na waliomtambua kwa lile kovu walikuwa wawili. Gérard aliituma habari Butembo tarehe 5. Alidhani nimekwisha kuambiwa. Alishangaa kunikuta nikicheka na watu benchini, ndipo akauliza.

Tarehe 5, Keren. Barua yako ya mvua ni ya tarehe 17.

Nimekukasirikia sana. Usiku nimekuandikia maneno mengine, nimeyachana. Halafu nimefikiri kwamba ulikaa peke yako na msiba huu siku zote hizo, ukitazama jina la mdogo wako na kitufe cha kubonyeza, na hakuna mtu aliyekuja kuketi nawe. Kwa hilo nimelia zaidi. Na nitakwambia ukweli wote: zile wiki nilikuwa na mtoto. Nilimwachia taa. Sijui kama nakushukuru au nakulaumu, labda yote mawili.

Lakini leo asubuhi papa Lusenge alisikia habari zangu. Alikuja kunipa pole, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo: «Mwalimu, na ile ishirini yangu, ni ya kweli?» Benchi zima lilikuwa linasikiliza.

Hadi sasa simu yangu inasema 20. Ibadilishe, mwanangu. Uibadilishe wewe, kwa mkono wako. Kisha njoo nyumbani.

Baba yako,
Abdias

Butembo, 29 Aprili 2025

Baba,

Sijui nikusalimuje. Nisamehe.

Nimebadilisha. Élysée aliketi karibu nami, na nilipomaliza aliniletea maji. Simu yako italia kama za watu wengine. Gérard awe nawe.

Nimemwambia Élysée sistahili kukaa peke yangu kwenye kazi hii. Kuanzia leo watathibitisha watu wawili, na hakuna atakayegusa jina la ndugu yake. Na ya papa Lusenge tumeifungua pamoja, tumepiga simu vituo vyote, Vuhovi, Kalunguta, kote. Mwambie ni 20 ya kweli. Hatujui mkewe aliko, na bado tunamtafuta. Mwambie nimesema mimi, ingawa ana haki ya kutoniamini.

Naja kesho na gari ya kwanza. Hukuniuliza kwa nini nilinyamaza, lakini nataka ulijue kabla sijafika. Kila asubuhi nilifungua jina lake nikiwa nimeamua kubonyeza, na kila asubuhi nilikuta kwenye mashini kwamba umeshauliza kabla yangu. Nilitaka tu uwe na watoto wawili kwa siku moja zaidi.

Binti yako,
Keren