Kinyama Kilichotolewa Kooni

Kyebando, Kampala

Mama yangu,

Salamu za mwanao Ramadhani zikukute umekaa vizuri hapo Mumias. Magoti yamepunguza kuuma? Na lile paa la jikoni, mmeliziba? Mimi mzima, ila nimechoka, Mama. Nimechoka kweli.

Uliuliza habari za koo. Ule ukwaruzo haukuwa mafua. Daktari alinitazama kwa kioo kidogo chenye mpini, akaona kinyama kama punje ya mtama kwenye nyuzi za sauti. Akasema si saratani, ni miaka hii yote ya kuadhini na kusomesha watoto kwa kupaza sauti. Wakanipa dawa ya usingizi, wakakitoa kwa kupitia mdomoni. Nilipoamka akanionya: siku kumi nisitoe sauti, hata kunong'ona, maana kunong'ona nako kunaumiza. Nilitaka kucheka. Kampala ya sasa nani hanong'oni?

Siku ya nne nilikwenda kununua mkaa na Hajati, jirani yangu Mnubi anayefuma mikeka. Kwenye kizuizi cha jeshi barabarani askari akaniuliza, "Wewe nani? Natoka wapi?" Nikanyamaza. Akauliza tena, bunduki sasa ikinitazama mimi. Nikafungua mdomo, lakini Hajati akaniwahi: "Afande, huyu mtoto yangu. Bubu tangu tumboni." Akatuachia.

Siku kumi zikaisha. Nikajaribu chumbani, Mama, sauti safi kama ya zamani. Nililia. Ijumaa nikaenda msikitini kuadhini, nikamkuta askari yule yule amekaa safu ya mbele. Kumbe amehamia mtaa wetu. Akanisalimu kwa ishara za mikono. Nikijibu kwa mdomo, atajua Hajati alimdanganya, na kumdanganya mwanajeshi siku hizi ni kifo. Nikachukua ufagio, nikajifanya mfagiaji.

Sasa huu ni mwezi wa tatu nikiwa bubu. Adhana na madrasa nimemwachia mwenzangu; mimi nafagia na kujaza maji ya udhu. Msikiti mzima unajua, na hakuna anayesema. Juzi askari kaniletea sukari, na huku sukari haionekani, eti bubu naye anywe chai. Nikaipokea.

Barua hii anakuletea dereva wa lori, posta siiamini. Ukishasoma, ichome. Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, na dada Mwajuma. Na nyanya mkunga, anayependa kusimulia nilivyozaliwa nikilia mpaka majirani wakatoka nje, mwambie koo limepona kabisa. Mengine usimwambie.

Ni mimi mwanao,
Ramadhani