Alhamisi kwa Hadija

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua tena asubuhi. Titi la kulia hakuna. La kushoto hakuna. Nimeosha bakuli kana kwamba lilikuwa na kitu.

Nekesa amemaliza kikombe chake cha maziwa ya mkebe akalala mgongoni kwa mama mkwe. Kwake analala vizuri. Nikimweka kifuani mwangu anageuza kichwa kama ameitwa na mtu mwingine.

Kidonda cha upasuaji kimefunga kabisa. Nikikumbuka joto lile, na usaha, na kurudishwa kitandani mara ya pili wakati mtoto ameshapelekwa nyumbani na bibi yake, nashukuru. Niliporudi hapa nyumbani, Shieywe, maziwa yalikuwa yamekauka. Mtoto yuko hai, mimi niko hai. Kila mtu ananiambia hiyo inatosha.

Inatosha. Lakini bado nataka.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Nekesa ameongezeka. Mama mkwe alitembea kutoka kwenye mizani kama mtu aliyepewa kikombe cha ushindi. Ana haki.

Nilingoja atoke nje ndipo nikamwuliza muuguzi kama maziwa yaliyokauka hurudi. Nilijua atacheka. Hakucheka. Amesema kuna wanaoyarudisha, wengine yote, wengine sehemu tu, na kazi kubwa ni kumfanya mtoto avute. Amenipa mrija mwembamba kama uzi wa sufu. Amenikataza kupunguza mkebe bila kumwuliza. Halafu akanielekeza kwa Hadija, Lurambi. Kikundi cha akina mama wanaonyonyesha, kila Alhamisi.

Mimi na mkebe wangu kwenye kikundi cha wanaonyonyesha. Aibu gani hii.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda. Langoni nilitaka kurudi, ila Nekesa alipiga chafya na mtu akatuona.

Mikeka barazani, akina mama, watoto kila mahali. Hadija mwenyewe ni mwanamke mrefu, mama wa watano, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Amefunga Ramadhani lakini alikuwa anatumiminia sisi chai bila hata kuitazama.

Mkebe niliuficha chini ya shuka. Jirani yangu kwenye mkeka, msichana wa chuo anaitwa Sharon, mwenye mtoto mnene wa kiume, akauona.

"Toa tu hiyo mkebe, Mama Nekesa. Hapa hakuna polisi."

Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka hivyo. Kidonda kiliuma.

Hadija alinivua blauzi, akamvua Nekesa, akatufunika kwa leso moja, ngozi kwa ngozi. Hakumlazimisha. Baadaye akachukua mrija, ncha moja ndani ya kikombe cha maziwa, nyingine akaibandika kando ya chuchu yangu. Mtoto anavuta titi, maziwa ya kikombe yanakuja, naye anadhani ni ya titi. Titi nalo linasikia linaitwa.

Nekesa alivuta. Mara chache tu, kisha akakasirika. Lakini alivuta. Nililia na hakuna aliyeshtuka. Waliendelea kuzungumza juu ya bei ya sukari.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu Wafula amerudi kutoka Butali. Wiki nzima anaendesha trekta la miwa, Jumamosi analeta vumbi lote nyumbani. Nilimwonyesha mrija. Alinishikia kikombe kwa mikono miwili kama anaombea. Alimwaga nusu kwenye suruali.

Nilimpenda sana leo.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe hataki kuona. Nikitoa mrija, yeye anatoka nje. Leo amesema, si kwa hasira, ameniambia tu kama anavyoniambia habari za mvua: "Maziwa ikikaa kwa mwili mgonjwa inaharibika. Hata ikirudi si chakula. Huyu mtoto anakunywanga mkebe vizuri. Mnamsumbulia nini?"

Alipokwenda kuchuma mrenda, Nekesa alinyonya na mrija mpaka akasinzia. Tukasinzia wote.

Ninapenda uzito wake. Ninapenda hata jasho la kichwa chake.

Alhamisi, 13 Machi

Limekuja!

Nilikuwa namsuka Sharon. Kazi yangu ni ususi na mikono inakaa vibaya ikikosa kichwa cha mtu. Nekesa amefungwa kifuani. Nikahisi kitu kama sindano, nikafikiri ni shanga ya Sharon. Nikaangalia. Tone, jeupe, linaning'inia.

Nikasema, "Hadija." Siyo kwa sauti kubwa. Akaja, akainama, akapiga vigelegele hadi watoto wawili wakaamka wakilia. Sharon alisimama na nusu ya kichwa hakijasukwa akanikumbatia.

Njia nzima kurudi nilitembea kama nimebeba yai.

Nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anachambua mrenda. Aliendelea kuchambua. "Sawa," alisema.

Sawa. Basi.

Jumatatu, 17 Machi

Matone yamekuwa michirizi. Nimepunguza mkebe. Sikumwuliza muuguzi. Nimeona Nekesa ametulia, ananyonya kwa muda mrefu, analala. Mtoto aliyeshiba hulala.

Nina furaha inayonitia wasiwasi.

Jumatano, 19 Machi

Kliniki. Hajaongezeka. Amepungua.

Muuguzi alipima mara ya pili, akaniuliza, nikamweleza. Hakunifokea. Alisema alikuwa analala kwa kuchoka, siyo kwa shibe. Mkebe urudi wote, leo hii. Mrija uendelee, lakini kikombe kijae. Tumlete tena siku chache zijazo. Wengi hufanya hivyo, alisema. Haikunisaidia.

Mama mkwe alingoja tuingie ndani, akafunga mlango.

"Ulitaka kuniua mtoto?"

"Mama, ni mtoto wangu."

"Na ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilikuwa hospitali, Mama."

Alimchukua Nekesa, akamnywesha kikombe chote, akampa na kingine kidogo. Mtoto alikunywa kama mtu aliyetoka shambani. Niliangalia kila funda. Kila funda lilikuwa linanihukumu.

Nimeweka mrija kabatini. Yameisha.

Alhamisi, 20 Machi

Nilisema siendi kwa Hadija. Nikajifunika blanketi asubuhi yote. Nikalala usingizi mzito.

Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya. Mtoto hayupo. Mama mkwe hayupo. Shuka la kubebea halipo, mkebe haupo, kikombe hakipo. Nikapiga simu yake, ikalia juu ya meza.

Nilijua amempeleka kwake Butali. Nilijua kabisa. Nilitoka mpaka barabarani bila viatu. Mwili wangu wote ulikuwa baridi isipokuwa kifua, kifua kilikuwa kinachoma, na blauzi imelowa upande mmoja. Maziwa. Wakati huo! Nilitaka kuyapiga kofi.

Nilikuwa nampigia Wafula wakati ujumbe wa Sharon ulipoingia: "Mathee wako yuko huku kwa Hadija na mtoi. Amekuja kutuchapa."

Mama mkwe na mtoto, kwa Hadija. Nikakaa chini hapohapo kando ya mtaro. Mwanamke mmoja muuza ndizi akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akaniketisha kwenye kreti yake, akanipa ndizi.

Sikuenda kuwatafuta. Nilirudi nyumbani kuwangoja. Walirudi mchana, Nekesa amelala, mama mkwe macho mekundu. Alipita mbele yangu, akafungua kabati, akatoa mrija akauchemshia maji.

Ijumaa, 21 Machi

Sharon amekuja kunieleza yaliyotokea.

Mama mkwe aliingia bila kubisha, akasimama katikati ya mikeka. Akauliza nani mkubwa hapa. Akasema wanamdanganya mke wa mtoto wake, wanacheza na tumbo la mtoto, na yeye ndiye aliyemlea huyu mtoto wakati hakuna mtu aliyejua kama mamake atatoka kitandani. Akasema mengi.

Hadija akamwambia, "Keti, mama." Akampa kiti, siyo mkeka. Akampa chai. Akamwuliza, "Hizo siku zote ulikuwa peke yako, uliwezaje?"

Mama mkwe akaanza kujibu. Jinsi alivyokuwa anachemsha vikombe. Jinsi mtoto alivyokataa chuchu ya plastiki, akajifunza kumnywesha kwa kikombe kidogo kidogo. Jinsi alivyokuwa akimwekea sikio puani kusikia kama anapumua, huku simu iko mkononi, anaogopa ipigwe kutoka hospitali. Hapo katikati sauti ikakatika. Akalia mbele ya wasichana ambao angeweza kuwazaa.

Hadija alimwambia, "Mtoto huyu ni mzima kwa sababu yako." Akaambia kikundi kizima waseme asante. Wakasema.

Sharon alikuwa anafuta macho akinieleza.

Mimi sikuwahi kusema. Nilipotoka hospitali nilinyoosha mikono nikasema nipe mtoto wangu. Kila nikitoa mrija, alikuwa anasikia kwamba mkebe wake ulikuwa mbaya.

Jioni nilimkuta jikoni anasonga obusuma, ugali wa jioni. Nikapiga magoti pale karibu na jiko, nikasema asante, Mama. Nikasema yote. Aligeuza mwiko, hakuniangalia.

"Inuka, utapata baridi kwa hicho kidonda."

Kisha akasema, "Yule Mwisilamu ameniambia kikombe kikiinuliwa maziwa inakimbia, kikishushwa inatembea pole pole. Wewe ulikuwa unakiweka juu ya meza tu. Huyo mtoto angeshibaje?"

Jumanne, 25 Machi

Sasa ni sisi watatu. Mimi nakaa kitandani, Nekesa kifuani, mama mkwe pembeni na kikombe mkononi. Anakiinua, anakishusha, anamwangalia mtoto koo. Hakuna anayeruhusiwa kuongea. Nekesa amepewa jina la marehemu bibi yake Wafula, mama mkwe wa mama mkwe wangu, kwa hiyo yeye anamwita mavyala, yaani mama mkwe, na anamsemesha kwa adabu zote. "Mavyala, kunywa pole pole. Mavyala, usinikasirikie."

Kliniki tena leo. Amerudisha alichopoteza na zaidi kidogo. Muuguzi alimwuliza mama mkwe, siyo mimi, tunafanyaje. Akaeleza kwa dakika nyingi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Tumekwenda kwa Hadija mchana. Mama mkwe alibeba ingokho hai, amefungwa miguu, kwa sababu amesikia kwamba wao huchinja wenyewe na hakutaka kukosea. Kuku alimponyoka barazani na kikundi kizima cha akina mama wanaonyonyesha kikamkimbiza, matiti nje, leso zinaanguka. Mume wa Hadija alijifungia chumbani.

Nimekula pilau mpaka nikashindwa kuinama.

Alhamisi, 10 Aprili

Safari hii nilimwuliza muuguzi kabla ya kupunguza chochote. Tumepunguza kidogo, tukapima. Amepanda. Tukapunguza tena. Hapo akagoma kupanda, tukarudisha.

Basi hapo ndipo nilipofika. Karibu nusu yangu, nusu ya mkebe. Kwa Hadija leo niliwaambia, nikitazamia huruma. Mama mmoja mgeni, mwenye mapacha wadogo sana, aliniuliza, "Nusu nzima?" Kwa wivu kabisa.

Nimetembea na neno hilo siku yote. Nusu nzima.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama mkwe amerudi Butali. Mahindi yanataka palizi na anasema wale aliowaachia hawajui magugu ni yapi na mahindi ni yapi. Wafula amempeleka. Kabla ya kuondoka alimnywesha Nekesa kikombe cha mwisho, akakiosha, akakifuta, akaniwekea mkononi. Alinishika mkono na kikombe ndani yake.

"Usiweke juu ya meza," alisema.

"Siweki, Mama."

Alilia garini. Wafula amesema. Mimi nililia jikoni.

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi wateja wawili wa kusukwa, wote wapole. Kisha hakuna mtu. Wafula yuko kazini, jirani wameenda sokoni. Ni mara ya kwanza tumebaki mimi na Nekesa peke yetu mchana mzima, na nimetambua saa hii tu, ninapoandika kwa mkono mmoja.

Nilikula viazi vitamu baridi. Nilifua, nikaanika. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake kama kitu alicholetewa na mgeni.

Alipoanza kulia sikuchukua mrija; kikombe chake kitafuata baadaye. Ananyonya. Ameshika kidole changu, anameza, nasikia anavyomeza.

Mvua imeanza. Nguo zote ziko kwenye kamba. Zilowe.