Aliyepeleka Chakula

Brooklyn Center, 2 Machi 2014

Elisée papa,

Bwana asifiwe. Sisi tuko wazima, ila mdogo wako Joyeuse anakohoa kidogo. Na wewe? Unalala? Unakula? Jibu hilo la kula kwanza.

Tangu jaji akupe miaka minne hatukujua wamekupeleka wapi. Nilikwenda jela ya mjini, mama wa dirishani akasema umeshaondolewa, basi. Nilikaa chini palepale nikalia. Kwetu mfungwa akihamishwa na familia isiambiwe, watu huweka matanga. Joyeuse ndiye aliyekupata kwenye kompyuta, jina lako na la hilo gereza la kaskazini. Nikamwambia afunge haraka, wasijue tunakutafuta.

Nani anakupikia? Nimepata ndagala, wale samaki wadogo wa kwetu, kwenye duka la Wakongo, nimezikaanga. Niambie nimpe nani akuletee. Habari ya ule mzigo uliompelekea rafiki yako kule mjini Fargo sikuulizi tena. Umeadhibiwa, imetosha.

Mama yako


Gerezani, 16 Machi 2014

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na Joyeuse. Mwili wangu ni mzima, naogopa tu.

Mama, huku serikali yenyewe ndiyo inatulisha, asubuhi, mchana na jioni. Chakula cha nyumbani hakiingii, hizo ndagala kuleni ninyi. Lakini wageni wanaingia. Kwenye bahasha hii kuna fomu: andika jina lako, unakaa wapi, wewe ni nani wangu, kisha utie sahihi. Wakikukubali unakuja wikendi. Mama Jedidah wa kanisani ana gari, hatakataa.

Njoo, Mama. Kwenye kitanda cha juu yangu kuna mzee ambaye hajatembelewa kwa miaka, na siku hizi hata jina lake likiitwa hageuki. Naogopa kuwa kama yeye.

Mwanao, Elisée


Gerezani, 25 Mei 2014

Mama,

Mnaendeleaje? Mimi mzima. Nimeandika mara tatu hujajibu. Joyeuse aliniambia kwenye simu kwamba fomu iko chini ya Biblia yako na hutaki hata kuigusa. Umenikasirikia? Kama ni aibu ya kanisani, sema tu. Kunyamaziwa na mama ni kifungo kingine.

Mwanao, Elisée


Brooklyn Center, 8 Juni 2014

Elisée papa,

Amani iwe kwako. Tuko salama. Nisamehe kwa kunyamaza.

Sina hasira. Aibu nayo nimeizoea, watu wa kanisani walisema mpaka wakachoka wenyewe. Ni woga, na sasa nikueleze unatoka wapi.

Baba yako alipofungwa kule kwetu Uvira, mdogo wake Sosthène ndiye aliyekuwa anampelekea ugali. Mlangoni walimuuliza kila mara: jina lako nani, unakaa wapi, wewe ni nani wake? Siku moja akajibu kama kawaida, akaingia na sahani, hakutoka. Tuliwakosa wote wawili. Wewe ulikuwa mdogo, nikakwambia baba mdogo aliugua.

Maswali ya fomu yako ni yaleyale. Nikishika kalamu, mkono unakataa. Joyeuse anasema, “Mom, hapa si Congo.” Najua si Congo. Mkono ndio haujui. Na mimi nikibaki huko ndani, yeye atabaki na nani?

Mama yako


Gerezani, 17 Juni 2014

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Habari za Baba mdogo Sosthène sikuzijua. Ningezijua, nisingekuomba.

Basi usije. Chana hiyo fomu. Nakula vizuri, nimeanza hata kunenepa. Usiogope tena kwa ajili yangu.

Mwanao, Elisée


Brooklyn Center, 29 Juni 2014

Elisée papa,

Salamu. Kikohozi cha Joyeuse kimekwisha.

Fomu nimeituma. Uliponikataza ndipo nilipojua lazima nije. Mtoto akianza kumlinda mama yake, ujue mama amezeeka, na mimi bado. Jedidah nimempa ufunguo wa nyumba na namba za ndugu zetu wote, ili nisipotoka ajue pa kumpeleka Joyeuse. Uniombee.

Mama yako


Gerezani, 17 Agosti 2014

Mama,

Umefika? Andika upesi.

Tulipoagana leo, sisi wafungwa tulibaki tumekaa mpaka wageni watoke. Nikaona wenzako wanaweka mkono chini ya ile taa ya buluu, mmoja mmoja, na mlango unafunguka. Ulipoweka wa kwako, askari akatikisa kichwa. Akaugeuza mkono wako huku na huku, akamwita mwenzake, wakakusimamisha ukutani. Niliinuka nikapiga kelele kwamba huyo ni mama yangu. Wakanitoa, na kwa kosa hilo wamenifungia simu.

Sijaweza kula tangu hapo. Ni mimi niliyekuita huku. Nijibu hata neno moja, Mama, nijue uliondoka.

Elisée


Brooklyn Center, 21 Agosti 2014

Elisée papa,

Nimefika. Niko jikoni kwangu, Joyeuse yuko pembeni. Sasa pumua, usome taratibu.

Asubuhi wakati wa kuingia walinigonga muhuri mkononi, muhuri usioonekana kwa macho. Ile taa ndiyo inauonyesha, wapate kujua nani mgeni na nani mfungwa. Mimi nani aliniambia? Niliponunua yale mabawa ya kuku kwenye mashine ya kuuzia chakula, ningekula na mtoto wangu bila kunawa? Nikaenda chooni nikasugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kama tunavyonawa kwetu. Muhuri wao ukaenda na maji.

Pale ukutani nilimkumbuka Sosthène. Nikasema moyoni, ndiyo hii, imenifikia. Wakaniuliza: jina lako nani, unakaa wapi, wewe ni nani wake? Papa, nilijibu kwa sauti mpaka wageni wakageuka. Nyiraneza. Brooklyn Center. Mama yake. Wakaleta picha waliyonipiga asubuhi, wakaitazama, wakanitazama, wakafungua mlango. Njiani Jedidah alisimamisha gari mara mbili nitapike. Woga haujaisha, nisikudanganye.

Jumapili nakuja tena. Nitawapa mkono wa kushoto wapige muhuri wao. Huu mwingine nitaunawa, tule.

Mama yako